Mwadi na Wauza Hewa

Siku Mwadi alipoambiwa kwamba yeye ni mmoja wa watu wanaoipasha dunia joto, jenereta ya dizeli ilikuwa inanguruma nje ya ukumbi wa kanisa, na gari la mradi, jeupe na pana kama chumba cha kulala, lilikuwa limeachwa juani injini ikiwaka ili ubaridi wake usipotee. Dereva alikuwa amelala ndani, miguu dirishani. Mji wa Kamina ulikuwa katika siku ya tatu bila umeme. Bila jenereta ile picha zisingeonekana ukutani, na bila picha bwana Jérémy asingekuwa na la kusema.

Juu ya gari kulikuwa na turubai iliyokunjwa na kamba mpya, nyingi. Mwadi alizitazama alipopita. Anaijua kazi ya kamba. Alijiuliza zimekuja kufunga nini, kisha akaingia ndani na kuketi kwenye benchi la nyuma, mwanamke peke yake kati ya wachoma makala kumi na wanne, watu wanaogeuza miti kuwa mkaa.

Jérémy alikuwa ametoka Lubumbashi. Alivaa fulana yenye jani la kijani kifuani na alikuwa na ile sauti ya watu waliofundishwa kuzungumza polepole na maskini. Alisema "ba-mama na ba-papa" jinsi mtu anavyowaita kuku wake jioni. Mbele yake, kwenye kiti pekee chenye mikono, alikaa Mfumu Kapenda, mkuu wa ardhi, ambaye tayari alikuwa amevaa fulana ya namna ile ile juu ya shati lake, tumbo likiwa limelivuta lile jani mpaka likafanana na sufuria.

Ukutani ilitokea ramani ya dunia yenye maduara. Jérémy alipita nchi moja moja. China ilikuwa na duara kubwa kupita zote: karibu theluthi ya hewa ukaa yote inayotoka katika kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, alisema, ni yao, kwa sababu ya mitambo ya umeme, chuma na saruji. Amerika ikafuata, na magari yake na gesi yake. India, makaa ya mawe. Urusi, gesi na mafuta. Brazili, misitu inayofyekwa ili ng'ombe wapate malisho. Kila nchi ilikuwa na picha yake ndogo ndani ya duara: bomba la moshi, barabara iliyojaa magari, mtambo. Ilipofika zamu ya Kongo, hapakuwa na bomba la kuonyesha. Wenye ramani walikuwa wameweka mwanamke, anaonekana kwa nyuma, amebeba gunia la makala.

Nchi nyingine zilikuwa na mitambo. Kongo ilikuwa na mgongo wa mtu.

"Sababu ya kwanza ya kwetu," Jérémy alisema, "ni kukata miti. Mashamba, na makala. Donc sisi wote tuko na responsabilité."

"Papa, niko na ulizo," Mwadi alisema kutoka nyuma. "Ile makala ya mawe ya China, njo ile balichimbaka ku migodi ya Luena?"

"Ni ya namna ile ile, mama."

"Donc hata baba yangu aliharibuka hewa. Alichimba miaka makumi mbili, akakufa na kikohozi, na hakuna mutu alimwambia."

Wanaume walicheka. Jérémy naye alicheka kidogo, kwa adabu, na kusubiri waishe.

"Na mutu mumoja wa Amerika, kwa mwaka, anatoa moshi kiasi gani?"

"Tani kumi na nne hivi. Zaidi kidogo."

"Na wa Kongo?"

"Bon. Kama tunahesabu mafuta na makala ya mawe tu, haifike hata kipande kimoja cha kumi cha tani moja." Jérémy alipangusa shingo. "Mais ukiongeza miti, mama, inapanda. Inapanda mingi. Njo maana tuko hapa."

"Aa," Mwadi alisema. "Kwao bibaya ni bitu. Kwetu bibaya ni bantu."

Jérémy aliendelea na lile lililomleta. Mradi ungeufunga msitu wa kilomita kumi na tisa, unaoitwa hivyo kwa umbali wake kutoka mjini kando ya reli ya kwenda Luena, kwa miaka thelathini. Shoka lisiingie. Hewa ukaa ambayo miti ile ingeendelea kuishika ingepimwa, ingeandikwa, na kampuni moja ya ndege ya ng'ambo ingeinunua. Wachoma makala wangetia sahihi kwamba wameacha, na kila mmoja angepata mzinga wa nyuki, mbabula, jiko linalokula makala kidogo, na fulana.

"Na hiyo ndege yao," Mwadi aliuliza, "itaacha kuruka?"

"Hapana, mama. Itaruka. Mais itaruka bila kosa. Kosa lake linalipwa."

"Linalipwa na miti yangu."

"Na miti ya communauté, mama." Mfumu Kapenda alikohoa, kikohozi kifupi cha mtu anayefunga mlango.

Kilomita kumi na tisa ndiyo kila kitu alicho nacho Mwadi. Nyumba anayokaa katika kambi ya reli si yake, ni ya shirika, na kila mwaka anatishiwa kutolewa. Ana miaka hamsini na minane. Wale wanaume kumi na watatu wana misitu mingine ya kuvamia na miguu ya kuwafikisha huko. Yeye ana ule mmoja, na ukifungwa, hana tena pa kupeleka mikono yake.

Jérémy alieleza sharti la mwisho, kwa haraka. Ili hewa iuzwe, lazima msitu uwe wa asili, usioguswa kamwe na shoka, na uwe katika hatari ya kuguswa sasa. Picha iliyopigwa kutoka angani imeonyesha kijani kizito, pengo dogo ukingoni tu. Ijumaa angekuja mkaguzi, Madame Émerence, mhandisi wa misitu. Yeye akiandika ndiyo, mambo yamekwisha.

"Haujaguswa kamwe?" Mwadi aliuliza, taratibu.

"Kamwe," alisema Mfumu Kapenda bila kugeuka. "Pori ya bankambo."

Pori la mababu. Mwadi aliutazama mkunjo wa shingo ya yule mzee kwa muda. Kila mwaka, kwa miaka ishirini na minne, amempelekea kuku mmoja na gunia moja la makala kwa ajili ya pori hilo la mababu. Angeweza kusema pale pale. Lakini aliona kwamba katika chumba kile hapakuwa na mtu anayeandika kitu ila majina, na watu wa namna hii husikia tu kile kilichokwisha kuandikwa. Acha aje huyo mwenye kalamu. Wanaume kumi na watatu walipanga mstari kutia sahihi, wakachukua fulana. Mwadi alitoka.

Nje, dereva alikuwa ameamka. Jina lake Bokungu, mtoto wa askari aliyezaliwa huko Base, kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani kama mchanga kwenye mchele.

"Mama na makala," alisema, "ku four yako, ile tanuru, iko magunia? Ya muti ya nguvu?"

"Juu ya nini unauliza?"

Bokungu alicheka, akatazama kamba zilizo juu ya gari, kisha akatazama mlango wa ukumbi, akarudi ndani ya gari.

*

Hakuna msichana wa Luena aliyeota kuwa mchoma makala. Mwadi alikua kati ya vilima vyeusi vya migodi iliyokuwa inakufa, akaona wanaume wakirudi na macho meupe katika nyuso nyeusi, na aliapa kuolewa na mtu mwenye kazi safi. Akampata Constant, mwelekeza njia za treni, mwanamume wa kanisa, mwenye kofia na filimbi na saa ya shirika. Ilikuwa kazi safi kweli. Hata mshahara ulikuja safi kabisa, bila kitu ndani, mwezi baada ya mwezi, miaka. Constant aliendelea kuvaa kofia. Aliendelea kwenda kugeuza reli kwa treni ambazo hazikuja, akarudi, akaketi chini ya nyaya za treni za umeme zilizopita karibu na paa lake, na mkewe akampikia bukari, yaani ugali, kwa makala. Umeme wa mabwawa ulikuwa na safari ya mbali zaidi, kwenda migodini. Haukuwa na muda wa kushuka chini kwa mama mwenye sufuria.

Constant alipokufa, Mwadi aliuza filimbi, akanunua shoka.

Watu walicheka. Mwanamke huuza makala sokoni kwa vifungu; hajengi tanuru. Alimwendea Mfumu Kapenda, wakati huo bado mwembamba, akaomba sehemu kwenye kilomita kumi na tisa. Akapewa kwa kuku mmoja na unga mweupe. Akaligawa pori vipande ishirini, kila kimoja kama uwanja wa mpira, na akajiwekea sheria ambayo hakuna mradi uliomfundisha: mwaka mmoja, kipande kimoja. Muputu, mti wa makala bora, haukatwi chini kabisa, unakatwa kwa urefu wa goti. Na haukatwi bapa. Unakatwa mshazari, ubavu wa jeraha ukielekea upande wa reli, ili maji ya mvua yateleze na shina lisioze. Kisha miaka miwili ya kwanza anazunguka kipande kile na jembe, akifyeka majani, ili moto wa wawindaji usiingie. Shina likipona, linarusha machipukizi. Anayapunguza, anaacha matatu, mawili. Anaondoka. Harudi mpaka miaka ishirini ipite.

Vipande alivipa majina, maana hakuwa na ramani. Kuna Kipande cha Feza, mwaka bintiye alipobatizwa. Kuna Kipande cha Surua. Kuna Kipande cha Treni Iliyolala, mwaka treni ya abiria ilipokwama Luena majuma mawili na watu wakapika kati ya reli. Aliishi kwa kuzunguka hivyo, kama mkono wa saa ya marehemu, kipande hata kipande, na miaka minne iliyopita alirudi pale alipoanzia. Miti ilikuwa imerudi kabla yake. Siku hiyo aliweka shoka chini na kukaa kwa muda mrefu bila kufanya kitu, akisikiliza majani yakisugua majani juu ya kichwa chake; kisha akaona aibu ya kukaa bure, akasimama, akakata.

Wachoma makala wengine walimwita mwoga wa miti. Walikata bapa, walikata chini, walikata popote, wakawacha moto upite, wakahamia mbele. Sasa wana fulana zenye jani.

*

Ijumaa aliamkia kwenye tanuru lake. Lilikuwa katika siku yake ya nne, kichuguu kirefu cha udongo na nyasi kikitoa moshi mwembamba wenye rangi ya buluu, ishara kwamba kuni za ndani ziko karibu kuiva. Siku kama hizo mtu haachi tanuru. Ufa mmoja tu ukiingiza hewa, kila kitu ndani kinawaka na kuwa majivu. Alikuwa anaziba ufa kwa kiganja cha tope alipolisikia gari.

Jérémy alishuka wa kwanza, kisha Mfumu Kapenda, kisha mwanamke mnene wa makamo mwenye viatu vya kazi vilivyochakaa na utepe wa kupimia kiunoni. Jérémy alinyoosha mkono kuelekea tanuru na Mwadi aliyepiga magoti kando yake.

"Voilà la menace, madame," alisema.

Mwadi anajua Kifaransa cha kutosha kuelewa kwamba ameitwa hatari. Mume wake alikuwa mtu wa reli. Alijifuta tope kwenye kitenge.

"Jambo, madame. Hatari njo minyi," alisema, akijigusa kifua.

Émerence alimtazama kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika. "Jambo, mama."

"Bageni banaenda kuangalia pori ya bankambo," alisema Mfumu, harakaharaka. "Weye baki na moshi yako."

"Moshi iko na akili, Mfumu. Inaweza kubaki peke yake nusu saa." Alitia tope la mwisho, akalipiga kofi, akawafuata.

Waliingia ndani ya miti, Jérémy akiongoza kwa simu yake. Alisimama mahali ambapo mwanga ulikuwa kijani na mashina yalisimama wima kila upande, na alifungua mikono kama mwenye nyumba. Hapa, alisema, ndipo moyo wenyewe. Hapa hakujapita shoka tangu kuumbwa kwa dunia. Alisema maneno mengine mazuri kuhusu ukimya. Émerence alikuwa amekwisha kuzungusha utepe kwenye shina na kuandika.

Mwadi alipatazama mahali pale. Alipajua kama mtu anavyojua makovu yake. Kilikuwa ni Kipande cha Treni Iliyolala.

"Madame," alisema. "Muti Mungu alipanda yeye mwenyewe, iko na miguu ngapi?"

Émerence aliinua kichwa. "Mumoja."

"Hesabu ya huyu."

Mti aliokuwa anaupima ulikuwa na mashina matatu yaliyotoka mahali pamoja, kama vidole.

"Tatu," Émerence alisema.

"Mama, tafadhali," alisema Jérémy, "tuko ku kazi."

"Hata minyi nilikuwa ku kazi. Madame, inama. Angalia katikati."

Émerence alipiga magoti, akaondoa majani makavu kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Kati ya yale mashina matatu lilikuwapo la nne, lililokufa juu na kuishi chini: gutu la kijivu lenye urefu wa goti, limeliwa na kuvu, bado likionyesha mkato wake mshazari, laini kama shavu.

"Nani alikata?"

"Minyi. Mwaka ile treni ililala ku Luena. Angalia na ule. Na ule."

Émerence alisimama. Na mtu akisha kuliona moja, hawezi tena kutoyaona. Yalikuwa kila mahali, chini ya ule mwanga wa kijani, mamia ya magutu, kila moja limeinamisha uso upande mmoja, upande wa reli, kama waumini. Na kutoka kila moja, mashina mawili, matatu, yamepanda kwenda juu. Ukimya ule aliousifu Jérémy sasa ulikuwa umewaangukia wote, na yeye peke yake hakuuona mzuri.

Kwa sifa yake, hakubabaika muda mrefu. Watu kama yeye hawababaiki; wanageuza ukurasa.

"Mais madame, hii ni bora zaidi! Ni régénération! Tunaweza kuandika kwamba mradi umesaidia population kurudisha—"

"Mradi ulianza lini?" Émerence aliuliza.

"Mwezi wa tatu."

"Miti hii ina miaka makumi mbili."

"Ni namna ya kuandika tu, madame."

"Karatasi yangu iko na maulizo mbili," Émerence alisema, akimtazama Mwadi, si Jérémy. "Moja: msitu uliguswa? Pili: bila mradi, utakufa? Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, hapana. Hewa ya hapa haiuziki."

"Andika jina," Mwadi alisema.

"Jina gani?"

"La mwenye kukata. Bamezoea kuweka mugongo yangu. Weka jina. Kisha unisomee."

Émerence aliandika, akasoma kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili: kwamba msitu wa kilomita kumi na tisa umekatwa wote na kuota wote, kwa mkono wa Mwadi Tshala, mjane, kwa miaka ishirini na minne, kwamba haufai kwa mradi, kwamba uachwe kama ulivyo, na mwenye kuutunza aachwe nao. Mwadi alisikiliza mpaka mwisho bila kubadili uso. Kisha aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kukuta uzito ni sawa.

Mfumu Kapenda alikuwa amekwisha kuvua fulana. Pikipiki aliyoahidiwa na mradi ilikuwa inampita mbele ya macho, mpya, ikienda kwa mkuu mwingine wa ardhi huko kwingine.

"Mwadi, umenipatisha haya mbele ya bageni."

"Mfumu, ile kuku unakulaka kila mwaka, ulifikiri inaota mu pori ya bankambo?"

Mfumu alitembea kurudi garini, na njia nzima ilisikika fulana ikimpiga pajani.

Mwadi alilikuta tanuru lake salama, moshi ukiwa bado wa buluu. Kando yake yalikuwa magunia sita ya tanuru lililotangulia, yameshonwa midomo kwa nyasi, makala ya muputu, mazito, yanayolia kama chuma ukiyagonga. Bokungu alikuwa amesimama pale na kamba mkononi, akitazama chini. Turubai ilikuwa imekwisha kutandazwa juu ya gari.

Jérémy alikuja. Alikuwa amelirudisha tabasamu lake mahali pake.

"Bon, mama, hakuna palabre, hakuna ugomvi kati yetu. Kazi ni kazi." Aliligonga gunia kwa kidole, akasikiliza. "Ku Lubumbashi makala ya namna hii haipatikane tena. Bibi yangu, mama ya batoto, alinituma. Nitachukua magunia ine. Hata yote sita. Utasema bei yako, minyi sitapunguza."

Émerence, aliyekuwa akipanda garini, alisimama na mguu mmoja ngazini.

Katika maisha yake ya kuchoma makala Mwadi hajawahi kumkatalia mnunuzi. Ameuzia wake za askari walioapa kulipa kesho, ameuzia pasta, ameuzia hata wale waliomcheka. Alimtazama Jérémy kuanzia viatu mpaka kwenye lile jani la kijani, na macho yake yakakaa hapo.

"Kwa weye hapana," alisema.

"Mama, ni nini? Nalipa."

"Bibi yako apikie hewa. Si njo weye uko muuzaji?"

Bokungu aligeuza uso upesi, mabega yakimtetemeka, akaanza kukunja kamba. Mwadi hakungoja kuona gari likigeuka. Kwenye ubavu wa tanuru, upande wa reli, ulikuwa umefunguka ufa mpya mwembamba kama uzi. Alipiga magoti, akachota tope.